Tunutu Asiye na Mapambo

Mtu akimuuliza Bi Shanga anafanya kazi gani, alikuwa anajibu kwa kifupi, "Nafunga nzi," kisha anasubiri achekwe. Na alichekwa kweli. Unawafunga kwa kamba au kwa mnyororo? Wakitoroka je, unakatwa mshahara? Hata mama mkwe wake, Mungu amrehemu, aliwahi kuwaambia wageni sebuleni kwamba mke wa mwanawe ameajiriwa kukamata nzi, na wageni wale wakamwonea huruma mpaka mmoja akaahidi kumtafutia kazi ya heshima.

Basi nikueleze mapema, usije ukacheka na wewe. Kuna samaki anaitwa trauti, anakaa kwenye mito ya maji baridi, na kuna watu wenye nafasi zao ambao furaha yao duniani ni kumvua huyo samaki kwa mdudu wa bandia. Mdudu huyo hufungwa kwa mkono. Unabana ndoana kwenye jiliwa dogo la mezani, unaizungushia uzi, unaongeza unyoya, waya, ushanga, mpaka kile chuma kinageuka kuwa kiumbe. Hao ndio nzi. Wale wa kuzama, wanaoigiza mdudu mchanga anayeishi chini ya maji kabla hajaota mabawa, pale karakanani waliitwa tunutu. Bi Shanga alikuwa fundi wa tunutu, na jina lake alilipata kwa zile shanga alizokuwa akiwavisha kichwani. Alikaa kwenye kiti cha dirishani miaka ishirini na miwili, na jiliwa lake hakuna aliyethubutu kuligusa.

Na alikuwa anajua, usifanye mchezo. Tunutu wake, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, alikuwa na kichwa cha dhahabu, mbavu za waya mwekundu, mgongo wa utepe uliometameta kijani na zambarau, mkia wa unyoya wa tausi, na nyuzi nane za kung'aa zilizochomoza ubavuni, nne huku, nne huku, zote urefu mmoja. Ukimweka juani anakuumiza macho. Mafundi wapya walikuwa wanaletwa kusimama nyuma ya kiti chake watazame tu. Lakini samaki mwenyewe, huyo trauti, Bi Shanga alikuwa hajawahi kumwona ila kwenye picha ya boksi la kufungashia. Usishangae. Fundi majeneza naye hajawahi kulala ndani.

Nyumbani kulikuwa na mume na mabinti wawili wa shule. Mume alikuwa mwashi, mwashi hodari, mpaka siku jukwaa la mbao lilipovunjika chini yake akaanguka na kuumia mgongo. Mwaka wa pili huu alikuwa analala kwenye kitanda kilichosogezwa sebuleni, karibu na dirisha, ili aone watu wakipita. Kila kilichoingia nyumba ile, unga, sabuni, dawa za mgongo, kilitoka kwenye vidole kumi vya Bi Shanga.

Sasa njoo Jumatatu ile. Mwenye karakana, ambaye wote walimwita Bosi, alisimama kati ya meza mbili, ya nzi wa kuelea juu ya maji na ya tunutu, na karatasi mkononi. Sitaki kumsema vibaya, hakuwa mtu mbaya. Ukiugua alikuwa anakuja kukuona, na haji mikono mitupu. Ila siku hiyo alikuwa hamtazami mtu usoni.

"Mnunuzi ameandika," alisema. "Tunutu wetu wanawavutia wavuvi, hawawavutii samaki. Anasema dukani wanapendeza, mtoni hawana kazi. Mzigo wote anaurudisha."

Meza ya nzi wa kuelea ikashusha pumzi. Meza ya tunutu, mafundi wanane, ikaganda.

"Kwa hiyo Jumamosi asubuhi tunakwenda mtoni," Bosi aliendelea. "Kila mmoja wenu aje na nzi mmoja, mpya, wa kubuni mwenyewe. Atakayenasa samaki, aliyemfunga anabaki. Wengine tutaona."

Hiyo "tutaona" kila mtu aliielewa. Fundi mmoja aliyeitwa Redio, kwa sababu hazimwi, alijaribu kuchangamsha: "Kwa hiyo sasa samaki ndio wamekuwa wasimamizi wetu? Basi waletewe na viti." Hakuna aliyecheka. Bi Shanga alikuwa anatazama mikono yake juu ya meza. Akikosa kazi hii aende wapi? Vidole vyake vilijua kitu kimoja tu, na kitu hicho hakuna mwingine anayekihitaji mji mzima.

Alasiri ileile alikwenda moja kwa moja mtoni, na viatu vya kazini, bila hata kupita nyumbani. Mlinzi wa mto alikuwa shemeji yake, mdogo wa mumewe, na ndiye ambaye Bosi alimpanga awajaribie nzi wote siku ya Jumamosi, ili asitokee wa kulalamika.

"Shemeji, niazime ufito wa kuvulia," alisema.

"Ufito nakuazima. Ushauri sikupi. Nikikupa, Jumamosi watasema nimembeba mke wa kaka."

"Nani ametaka ushauri wako? Wewe nikuazime mimi akili."

"Haya, fundi. Karibu mtoni."

Akarusha. Ndoana ikanasa kitambaa chake cha kichwa. Akarusha tena, ikanasa nyasi. Mara ya tatu iling'oa kofia ya shemeji na kuipeleka majini, na shemeji akaifukuza ukingoni akipiga kelele kwamba kofia siyo trauti. Walicheka wote wawili, na ilikuwa mara ya mwisho kucheka kwa siku tatu.

Maana baadaye mkono ulizoea kidogo. Nzi akatua mahali palipokuwa na kina, maji yakiwa maangavu, na Bi Shanga akamwona samaki kwa macho yake. Alikuwa wa rangi ya mawe, ana madoa, ametulia tu akipunga mkia. Yule tunutu wa dhahabu na zambarau akashuka mbele yake aking'ara. Samaki akasogea. Akamtazama. Akamzunguka nusu, taratibu, kisha akaenda zake chini ya jiwe. Bi Shanga akabaki mdomo wazi. Miaka ishirini na miwili, mteja wa kweli ndiyo kwanza anafika dukani, na amekataa bidhaa.

Ilimuuma, nisikufiche. Ilimuuma kuliko barua ya mnunuzi.

Jumanne alikuja na tunutu mpya, na hapa ndipo ninapotaka kumshika mkono nimwambie, dada yangu, subiri kwanza. Hakusubiri. Fundi wa mapambo akikosa, anaongeza mapambo. Aliongeza nyuzi za kung'aa zikawa kumi na mbili. Akaweka ushanga wa pili, wa shaba. Samaki hakuja hata kutazama. Jumatano akaongeza utepe wa fedha tumboni, na mkia wa rangi ya chungwa unaoonekana hata na mwenye mtoto wa jicho. Alipomtupa majini, samaki watatu waliokuwa wametulia pale walitawanyika kama wameona askari.

Nyumbani mumewe alikuwa anamsubiri na swali moja.

"Vipi leo, mke wangu?"

"Wanasogea," alisema.

"Wanasogea karibu?"

"Karibu kabisa. Bado kidogo tu."

Mume akaridhika, akawageukia mabinti: "Mnamjua mama yenu nyie? Mama yenu hashindwi kitu." Bi Shanga akaingia jikoni, akafungulia bomba, akasimama pale anasikiliza maji yakianguka kwenye sufuria mpaka yakafurika. Alikuwa ameishiwa. Ubunifu wote aliokuwa nao ulikuwa wa kuongeza, na kulikuwa hakuna tena pa kuongezea, ndoana imejaa.

Alhamisi alirusha saa nzima bila kupata kitu. Kisha akaulaza ufito juu ya majani, akaketi chini na gauni lake la kazi, akashika tama. Machozi yakaja yenyewe. Shemeji akajifanya haoni, akawa anakagua uzio ambao hauna tatizo lolote. Mwisho akashindwa.

"Shemeji, usilie bwana."

"Nikifukuzwa kaka yako atakula nini? Niambie wewe. Atakula madirisha?"

Shemeji akajikuna shingo. "Ushauri sikupi. Nilishasema. Ila jiwe lile pale kando ya mguu wako, si langu mimi. Ligeuze."

"Nigeuze mawe sasa? Nimekuwa kibarua?"

"Ligeuze tu, mama."

Akaligeuza. Lilikuwa na utelezi upande wa chini, na kwenye huo utelezi kulikuwa na kijidudu kinatambaa kutafuta kivuli. Kilikuwa chembamba, rangi ya udongo uliolowa, miguu sita ya nywele, mkia wa nyuzi tatu zisizoonekana vizuri. Mgongoni tu, mahali pamoja, kilikuwa na chembe ya hewa iliyonasa ikang'aa mara moja, kisha ikapotea.

"Huyu ndiye tunutu?" Bi Shanga aliuliza.

"Ndiye."

"Huyu?"

"Huyo huyo. Ndiye wanayemla asubuhi, mchana na jioni."

"Jamani! Huyu angeletwa kwenye meza yangu ningemrudisha."

Alimtazama muda mrefu yule mdudu duni. Alikuwa na hasira naye, hasira ya kweli, kana kwamba amemwibia kitu. Halafu akafungua mkoba, akatoa wembe wa kazini, akamshika yule tunutu wake wa mapambo kwa vidole viwili. Alianza na nyuzi za ubavuni. Akazikata kumi na moja. Akakata mkia wa rangi ya chungwa. Akafumua utepe wa fedha, akafumua waya mwekundu, na kila alichokitoa kilimchoma, kwa sababu alikumbuka mwaka aliojifunza kukifunga na fundi aliyemfundisha. Alibakiza unyoya mmoja wa kahawia uliokuwa umefichwa chini ya mapambo, ushanga mmoja mdogo wa shaba iliyofifia, na uzi mmoja wa kung'aa aliouinamishia mgongoni. Alipomaliza alikuwa ameshika kitu ambacho mwanafunzi wa siku ya kwanza angeona haya kukionyesha.

Akamtupa.

Hakuona samaki akija. Aliona tu mshipi umesimama mahali ambapo ulipaswa kuendelea, na mkono wake ukajua kabla yake. Kitu kikavuta. Kilikuwa hai! Kilikwenda kushoto, kikarudi, kikashuka, na ufito ukapinda mpaka akadhani unakatika.

"Shemeji! Shemeji, kinanivuta!"

"Usikikazie! Mwachie aende! Haya sasa mrudishe, taratibu, taratibu, mama!"

Walimleta kwenye kimia wote wawili wamelowa mpaka magotini. Bi Shanga akamshika kwa mikono miwili, baridi, mtelezi, mdomo unafunguka na kufunga, na kwenye pembe ya mdomo ule amekaa tunutu wake wa kahawia. Alicheka na kulia kwa pamoja. Wakamrudisha majini kama sheria ya mto inavyotaka, na Bi Shanga akatembea nyumbani na viatu vinavyotoa sauti kila hatua, na hakujali nani anamtazama.

Ijumaa alifunga mwingine kama yule karakanani, amemkinga kwa mkono wa kushoto ili Redio asichungulie. Ilimchukua dakika moja na nusu.

Jumamosi ikafika. Mafundi wanane walisimama ukingoni wamevaa masweta, kila mmoja na kiboksi chake mkononi. Shemeji alimpa kila nzi robo saa. Nzi wa fundi wa kwanza na wa pili hawakuguswa. Wa Redio alinasa kwenye tawi la juu akabaki kulekule akimetameta, na Redio akasema basi ndege wamepata riziki. Wa nne alipata samaki aliyejinasua kabla ya kimia, na mwenye nzi yule akageuka nyuma akaziba uso. Wa tano, hakuna. Wa sita, hakuna. Wa saba, hakuna.

Bi Shanga alikuwa wa mwisho. Shemeji akarusha mara moja. Akarusha mara mbili. Mara ya tatu mshipi ukasimama.

Hapo ungesikia kelele! Hata waliokosa walipiga kelele, maana alikuwa ni nzi wa meza yao, na meza haijafa. Bosi alikanyaga maji na viatu vyake vya ngozi kumtazama samaki. Akaja akampa Bi Shanga mkono, akautikisa mara nyingi.

"Nilijua ni wewe tu," alisema. "Nilijua. Lete nimwone."

Akatoa lenzi yake mfukoni. Akamgeuza nzi huku na huku. Uso ukabadilika kidogo.

"Mbona wa kawaida hivi?"

Na Bi Shanga, jamani, Bi Shanga aliyekaa wiki nzima na roho mkononi, ambaye sasa kifua kilikuwa kimejaa furaha mpaka hakuna nafasi ya tahadhari, akaona nzi wake anadharauliwa, akamtetea.

"Huo ukawaida ndio uzuri wake, Bosi! Unyoya, ushanga, uzi mmoja. Vitu vitatu, basi. Dakika moja na nusu nimemaliza. Hata wale wasichana wa kufungasha boksi ukiwaketisha wiki moja wanamfunga."

Alisema hivyo. Kwa mdomo wake.

Bosi akainua macho kutoka kwenye lenzi. "Wale wa kufungasha?"

"Hata wao," Bi Shanga akarudia, ila safari hii sauti haikuwa na nguvu, kwa sababu alishaona Redio amegeuza shingo kumtazama, na wengine nao, mmoja baada ya mwingine.

Bosi alitazama mto, akatazama mafundi wake wanane, akamtazama tena yule nzi kwenye kiganja. Unaweza kumwona mtu akifikia uamuzi ambao hakuja nao. Akasema anashukuru sana. Akasema wote watapata haki zao zote, na kila mmoja ataandikiwa barua nzuri. Akasema ukweli ni kwamba kwa nzi wa namna hii hawezi kuweka mezani mafundi wa miaka ishirini, wasichana wa kufungasha wanatosha, na atakuwa anajidanganya akisema vinginevyo. Kisha akamsogelea Bi Shanga, akapunguza sauti.

"Nilisema atakayenasa anabaki. Najua nilisema. Lakini meza yenyewe haipo tena, utabaki wapi? Ila nakuomba wiki moja. Uje Jumatatu uwafundishe wale wasichana."

Redio, kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, hakuwa na la kusema. Aliokota mkoba wake, akapita mbele ya Bi Shanga, akaenda kuwangoja wenzake barabarani. Fundi wa nne, yule ambaye samaki wake alijinasua, ndiye pekee aliyesimama.

"Ungemwambia ni mgumu," alisema. "Ungemwambia tu ni mgumu, dada. Nani angejua?"

Shemeji alikuwa anakunja mshipi ameinamisha kichwa.

Adhuhuri alifika nyumbani. Akasukuma mlango, akakuta mumewe amekaa kitandani, ameketi wima, jambo ambalo huwa linamgharimu jasho. Mabinti walikuwa wamempangia mito mgongoni. Alikuwa amenyoa.

"Amenasa?" aliuliza.

"Amenasa."

"Wa ngapi?"

"Peke yake. Wengine wote walikosa."

"Nilisema mimi!" Mume akapiga kofi godoro. "Nilisema! Nyie, mkamwiteni jirani. Mwambieni mama yenu amewashinda wote." Mabinti wakatoka mbio kabla Bi Shanga hajanyoosha mkono kuwazuia. Mume alikuwa anacheka na maumivu yanamkata, anacheka hivyohivyo. "Njoo ukae hapa. Nisimulie. Bosi alisemaje?"

Akakaa ukingoni mwa kitanda na koti lake mwilini.

"Unga umemwagika, mume wangu."

"Acha utani wako."

"Si utani. Amesema nzi yule ni rahisi mno. Hahitaji fundi. Meza yote imevunjwa, wote wanane. Na ni mimi niliyemwambia ni rahisi. Alikuwa hajui. Nilimwambia mimi."

Nje, mabinti walikuwa wanagonga kwa jirani wakiita kwa furaha. Mume alitafuta mkono wa mkewe juu ya blanketi akaushika, vidole vigumu vya mwashi juu ya vile vyembamba.

"Basi, sasa?" aliuliza mwisho.

"Ameniomba Jumatatu nikawafundishe wasichana wa kufungasha."

"Akuombe hivyo, baada ya hayo? Hana haya! Ukamjibu nini?"

Jirani alikuwa ameshaingia uani, anapiga vigelegele.

"Nilisema ndiyo," Bi Shanga alisema. "Nilisema ndiyo hata kabla hajamaliza kuuliza."